Ukindu wa Kilombero: matawi ya Pasaka, misala yetu na mikono ya watoto



Kila masika, Pasaka ikikaribia, kina mama Waislamu wa Ifakara hujikuta na swali lilelile. Mtoto wa miaka minne au mitano katoka chekechea, mkononi ana kitu alichokitengeneza mwenyewe, anakuonyesha kwa furaha, na kitu chenyewe ni msalaba mdogo uliosukwa kwa jani la ukindu. Mwalimu kawafundisha darasa zima. Kwa mtoto hiyo ni kazi ya mikono tu, sawa na kufinyanga gari la udongo. Kwa mama ni jambo la itikadi limeingia ndani ya nyumba. Akitupe? Akiweke? Aende akamseme mwalimu, ambaye pengine ni sista aliyempokea mtoto wake vizuri tangu siku ya kwanza?

Huwa naulizwa kwa sababu nashona hapa mjini, na penye cherehani mengi husemwa. Mimi si sheikh, fatwa sina. Nitakalowapa ni historia, kwa kuwa swali hili lina umri wa zaidi ya miaka mia moja na hamsini, na lilianzia kisiwani kwetu kabla halijafika bondeni.

Kwanza nchi yenyewe, maana msomaji wa Unguja au Pemba anaweza kudhani Ifakara ni bara tu kama bara nyingine. Bonde la Kilombero limelala kati ya milima ya Udzungwa upande mmoja na milima ya Mahenge upande wa pili, na mto unapita katikati ukielekea kuungana na maji ya Rufiji. Masika mto hufurika, uwanda ukawa kama bahari yenye majani. Tangu 2002 bonde hili limo katika orodha ya dunia ya ardhi oevu, ile ya mkataba wa Ramsar. Pasaka huangukia siku yoyote kati ya Machi 22 na Aprili 25, na hiyo ndiyo masika yenyewe: mpunga unapandisha masuke, familia nyingi zimehamia mashamba ya mbali, na watoto wako juu ya madungu wakiamia ndege. Mchele wa Ifakara unaousikia kila mahali unaanzia hapo, kwenye sauti za watoto wakipiga kelele na makopo.

Na pembezoni mwa maji hayo ndipo unapoota mkindu. Wapwani tunaujua, ndio unaotupa mikeka. Lakini jambo moja si wengi wanalolijua: mkindu ni ndugu wa mtende wa tende. Wataalamu wa mimea wameiweka miti hii miwili katika jamii moja. Matunda ya mkindu ni tende ndogondogo, nyama yake haba, kokwa kubwa, na watoto huziokota na kuzila. Naomba ulikumbuke hili, tutalirudia.

Wenyeji wa bonde ni Wandamba, watu wa mitumbwi, samaki na mpunga. Wambunga, waliofika karne ya 19 katika vurumai za vita vya Wangoni. Wapogoro wa upande wa Mahenge. Na Wabena wa bondeni. Uislamu ulipanda kutoka pwani pamoja na misafara ya biashara, walimu wa chuo na wafuasi wa tarika. Miongoni mwa Wambunga Waislamu ni wengi mno. Upande wa Wapogoro Ukatoliki ndio ulioshika. Ila usichore mstari. Hapa utakuta ukoo mmoja, babu alikuwa Athumani, mjomba ni Fransisi, na harusini wote wamekaa mkeka mmoja.

Wabenedikti wa Ujerumani walifungua misheni ya Kwiro, Mahenge, mwaka 1902. Miaka mitatu baadaye vita vya Maji Maji vikawaka, na tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji, Wambunga na Wapogoro wakiwamo, walilivamia boma la Mahenge. Walipigwa kwa bunduki za mzinga, na baada ya vita ikaja njaa. Wanahistoria wengi wanaeleza kuwa miaka iliyofuata ndiyo dini zote mbili zilipozidi kuenea kusini mwa Tanganyika. Watu walikuwa wameuona ule maji ya dawa ukishindwa, wakatafuta pa kushika. Wajerumani walipofukuzwa baada ya Vita Kuu ya kwanza, nafasi yao upande huu ilichukuliwa na Wakapuchini kutoka Uswisi mwaka 1921, na pamoja nao wakaja masista wa Baldegg. Mapadre walijenga makanisa. Masista walichukua watoto, wagonjwa na wasichana, na kazi ya wasichana ilikuwa na sindano ndani yake.

Hapo kwenye sindano ndipo inabidi turudi kisiwani, maana utaratibu huo masista hawakuubuni bondeni.

Watoto wa soko la Unguja

Mwaka 1843 askofu mmoja wa Ufaransa, Charles de Forbin-Janson wa Nancy, alianzisha chama cha watoto Wakatoliki. Watoto wa Ulaya walisali na kuchanga senti zao kwa ajili ya watoto wa nchi za mbali. Ndicho hiki kinachoitwa Utoto Mtakatifu, na ukipita jirani na parokia yoyote ya Tanzania utawasikia wakiimba.

Mwaka 1860 Padri Fava alishuka Unguja kutoka kisiwa cha Réunion, akiwa na masista. Wakafungua zahanati, karakana, na mahali pa kuwalea watoto. Mwaka 1863 kazi ikachukuliwa na mapadre wa Roho Mtakatifu, na 1868 wakavuka na kujenga Bagamoyo. Sehemu ya fedha iliyowakomboa watoto waliokuwa wakiuzwa Unguja ilitoka kwenye zile senti za Utoto Mtakatifu. Watoto hao walipelekwa Bagamoyo, wavulana wakajifunza useremala, uhunzi na kilimo, wasichana wakajifunza kushona na kazi za nyumba. Waingereza wa UMCA nao walijenga kanisa lao Mkunazini, palepale penye soko lililofungwa mwaka 1873. Mbweni wakaweka skuli ya wasichana waliokombolewa, na Bi Caroline Thackeray, aliyefika 1877, akaiongoza kwa miaka mingi. Hata huko walishona.

Mimi nimejifunza ushonaji darasani, na nasema kwa ujuzi wangu mdogo: mtoto aliyeshikwa mkono na mtu akafundishwa kupitisha uzi, humpenda mtu huyo. Akitulia kushona, masikio yako wazi. Wimbo unaoimbwa wakati wa kazi humwingia kuliko ule anaoamrishwa kuukariri. Wamisheni walilijua hili vizuri sana. Sisemi kwa ubaya. Mtoto aliyetoka sokoni, hana mama wala baba, alihitaji chakula, kitanda na kazi ya mikono, na waliompa vitu hivyo ndio waliompa na dini.

Lakini Bagamoyo hiyohiyo ina mtoto mwingine, na huyu husahauliwa. Yahya bin Abdallah aliletwa pwani kutoka Kongo akiwa mtoto mtumwa, akakulia katika nyumba ya Kiarabu yenye cheo. Yeye hakwenda misheni. Akasoma, akafanya biashara, akawa sheikh mkubwa wa tarika ya Qadiriya, akafungua chuo, na watu wakamjua kwa jina la Sheikh Ramiya. Mwaka 1916 akawa liwali wa Bagamoyo, na alifariki 1931. Wanafunzi wa tarika ya Bagamoyo waliisambaza dini mbali sana bara. Watoto wawili wa utumwa, mji mmoja: mmoja anatoka na jina la ubatizo, mwingine anatoka na tasbihi. Tofauti yao ni nani aliyewahi kuishika mikono yao.

Na chuo chetu nacho kilikuwa skuli ya mikono, hata kama hatukuiita hivyo. Mtoto alipewa ubao wa mti, wino ukatengenezwa kwa masizi, kalamu ikachongwa kwa unyasi. Aliandika, akasoma, akaosha ubao, akaandika tena. Msichana nyumbani alifundishwa kuchana ukindu na kusuka ukili tangu vidole havijakomaa. Aliwaona wakubwa wakitia macho kofia za viua, tundu kwa tundu, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Siku ya maulidi watoto walitunga asumini na kupanga mrehani kwa ajili ya vikuba. Nani alituambia kuwa hayo ni masomo ya dini? Hakuna. Lakini muulize mtu mzima yeyote wa Unguja harufu ya asumini inamkumbusha nini.

Skuli zilipotaifishwa

Wakati wa Waingereza, serikali ya Tanganyika ilizipa ruzuku skuli za misheni zilizofuata masharti yake, na kwa sehemu nyingi za bara skuli iliyo karibu ilikuwa ya misheni au haikuwapo kabisa. Mzazi Mwislamu akawa na njia mbili chungu: mtoto asome na huenda akabatizwa, au abaki na chuo peke yake na asipate kazi ya karani wala ya uganga. Wengi walichagua imani. Matokeo yake tuliyaona kwa miaka mingi katika idadi ya wasomi wetu. Jumuiya ya Waislamu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa 1945 kwa juhudi za Aga Khan, ilijenga skuli na misikiti kuziba pengo hilo, hadi ilipovunjwa 1968, mwaka uleule ilipoanzishwa BAKWATA.

Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya 1969, na skuli za misheni Tanzania Bara zikawa za serikali. (Visiwani zilikuwa zimeshataifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964.) Kuanzia hapo darasa likawa la wote, na dini ikapewa kipindi chake: watoto hugawanyika, Waislamu kwa ustadh, Wakristo kwa katekista au mwalimu wao, kisha hurudi pamoja kwenye hesabu. Mpango huu una kasoro zake, hasa ustadh asipotokea, lakini umemwezesha mtoto wa Kiislamu kusoma bila kuogopa.

Chekechea zilikuwa jambo jingine. Elimu ya awali ilibaki mikononi mwa parokia, masista, misikiti na watu binafsi, na sera ya elimu ya 1995 ndiyo iliyotaka kila skuli ya msingi iwe na darasa la awali. Ndiyo maana swali la Pasaka linatupata mtoto akiwa na miaka minne na halitupati akiwa na kumi. Akiwa na kumi ana kipindi chake cha dini na anajua yeye ni nani. Akiwa na minne yuko kwa sista, hana kipindi, na masomo yake yote ni mikono: kubandika, kupaka rangi, kukata, kusuka. Umri ambao mikono ndiyo akili, ndio umri ambao hatuna mpango nao.

Watoto wa jirani hufanya nini Pasaka

Tusiwaandike watu tusiowajua, basi nieleze kidogo. Wakatoliki huanza na Jumatano ya Majivu, hufunga Kwaresima siku arubaini, na Jumapili ya mwisho kabla ya Pasaka ni ya Matawi. Wanakumbuka Nabii Issa, kwa imani yao Bwana wao, alivyoingia Yerusalemu na watu wakampokea kwa matawi ya mitende. Ulaya ya kaskazini haina mitende, kwa hiyo huko watu hubeba matawi ya miti mingine. Kilombero hakuna shida hiyo. Watoto huchuma majani machanga, wengine huyabeba yalivyo, wengine huyakunja na kuyasuka yawe msalaba. Padri huyabariki, kisha kila nyumba huyaweka ukutani au juu ya mlango mwaka mzima. Mwaka ukizunguka hurudishwa kanisani, huchomwa, na majivu yake ndiyo wanayopakwa Jumatano ya Majivu. Ijumaa Kuu wapo kwenye Njia ya Msalaba. Usiku wa Mkesha kila mtu anashika mshumaa, wa watoto ukiwa umepitishwa kwenye karatasi ili nta isiwaunguze.

Na mayai? Ukifungua simu yako utaona Pasaka ni mayai ya rangi na sungura. Hiyo si Pasaka ya Ifakara. Mayai yalitoka nchi ambazo Wakristo walikatazwa kuyala wakati wa Kwaresima, kuku wakaendelea kutaga, na siku ya sikukuu nyumba ikawa na mayai tele ya kuchemsha na kupaka rangi. Sungura na maua yanahusu majira ya joto kuanza baada ya baridi, na sisi Aprili tunahangaika na matope. Hata yai lenyewe halina dini moja. Wairani hupaka mayai rangi siku ya Nairuzi, na Misri Waislamu na Wakristo huyapaka pamoja katika sikukuu yao ya Shamm en-Nessim. Makunduchi wanaiadhimisha Nairuzi hiyohiyo kwa Mwaka Kogwa, tena bila yai la rangi hata moja. Kwa hiyo karatasi ya yai la kupaka rangi isikutie hofu kubwa. Imetoka kwenye kitabu cha kigeni, haikutoka madhabahuni.

Pasaka ya watoto wa bondeni ni nguo mpya. Hapo naingia mimi. Gauni la malinda, mkono wa puto, utepe kiunoni, na mama yake anakuja wiki moja kabla na kitambaa mkononi kama kwamba fundi halali. Idi ni hivyohivyo, mnajua. Mwaka 2022 Pasaka ilikuwa Aprili 17, 2023 ikawa Aprili 9, na 2024 ikawa Machi 31, na miaka yote hiyo mitatu iliangukia ndani ya Ramadhani. Sisi tunafuata mwezi moja kwa moja, na wao huihesabu Pasaka kwa mwezi mpevu unaofuata Machi 21, basi kila baada ya miaka thelathini na kitu hesabu hizi mbili hukutana. Miaka hiyo nilikuwa nikishona magauni ya Pasaka na ya Idi kwa pamoja, mimi na saumu yangu, na vitambaa vilikuwa vilevile. Ukiyatundika kwenye kamba huwezi kujua lipi la Neema na lipi la Nasra. Gauni halikiri imani yoyote, wala yai la karatasi. Ila msalaba unakiri, na ndiyo sababu wenyewe wanausuka.

Ukindu nao haukiri chochote mpaka usukwe. Na hapa tuna hazina yetu ambayo naona hatuitumii.

Mwanzo wa hazina hiyo ni Bibi Maryam. Katika sura yenye jina lake, uchungu wa uzazi ulimfikisha kwenye shina la mtende, naye yuko peke yake na ana huzuni, akaambiwa alitikise shina lile, tende mbivu zikamwangukia, akala, akanywa, akatulia. Huyo ndiye mama yake Nabii Issa, na huo ni mtende, na mkindu ni ndugu yake. Mtoto wako anayesikia habari za Yesu skuli ana haki ya kuisikia hii kutoka kinywani mwako, kabla hajadhani kuwa Issa ni wa watu wengine.

Halafu kuna Madina. Msikiti wa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ulikuwa na nguzo za magogo ya mitende na paa la makuti yake. Qur'ani ilipokusanywa, Zayd bin Thabit alikusanya pia kutoka kwenye makuti ya mtende yaliyoandikwa aya. Bi Maimuna, mama wa waumini, amesimulia kuwa Mtume alikuwa akisali juu ya khumra, na khumra ni kimkeka kidogo cha majani ya mtende. Kwa Kiswahili chetu ni nini hicho kama si msala?

Ipo pia hadithi ninayoipenda kuliko zote kwa watoto. Anas bin Malik, aliyemtumikia Mtume tangu utoto, anasimulia kuwa bibi yake Mulayka alipika chakula akamwalika. Baada ya kula Mtume akasimama awasalishe. Mkeka wao ulikuwa umekuwa mweusi kwa kutumika siku nyingi, basi Anas akaunyunyizia maji. Mtume akatangulia, Anas na mtoto mmoja yatima wakasimama nyuma yake, na bibi kizee nyuma yao. Mkeka mkuukuu, watoto wawili, na bibi. Mtoto wa bondeni anauona mkeka huo kila siku nyumbani kwao.

Kwa hiyo wiki ile ambayo chekechea wanasuka matawi, wewe nyumbani sukeni ukili. Tafuta jani changa la ukindu lililokwisha kauka juani likawa jeupe, lichane kwa ncha ya sindano upate chane za upana mmoja. Mtoto mdogo usimpe chane nyembamba za mkeka wa harusi, atakata tamaa. Mpe pana, tena chache, na uziloweshe kidogo ili zisivunjike. Mwonyeshe mwendo mmoja tu, juu, chini, kunja. Ukitaka rangi, chane huchemshwa kwenye maji ya rangi kabla ya kusukwa, na kazi ya moto ni yako, yake ni kuchagua rangi. Akichoka, endeleza wewe ukimsimulia Bibi Maryam. Ukili ukifika urefu wa mkono mara kadhaa, mkunje na umshonee kwa uzi, ukali pembeni kwa pembeni, utie taraza kuzunguka. Una msala wa mtoto wa miaka minne. Ameusuka mwenyewe, na utaona asubuhi nani anaamka kusali bila kuitwa.

Maharusi wanaosoma hapa, nanyi msipite. Siku zile mwari alikaa juu ya mkeka kupakwa hina, na mkeka huo ulikuwa na historia ya mikono ya wanawake wa nyumba yake. Leo tunakodi viti vya dhahabu. Sivilaumu, hata mimi nashona mashela yanayokaa juu ya viti hivyo. Lakini ukijaliwa watoto, itakubidi ujue kitu cha kuwashikisha, na kusuka hakujifunziwi siku mtoto anapotoka chekechea na msalaba.

Turudi kwa huyo mama, maana bado amesimama mlangoni na mtoto wake. Rai yangu ni hii. Usikitupe mbele ya mtoto na usimgombeze. Alichokileta ni kazi yake, na ukiitupa atajifunza kuwa mikono yake ina kosa. Muulize kwanza kimetoka wapi. Kama ni jani la mazoezi la darasani, halijabarikiwa na mtu yeyote, basi kaa naye chini mkifumue pamoja. Ukindu hufumuka kirahisi. Mwambie sisi tunasali juu ya ukindu, hatuutundiki, halafu ziloweshe chane zilezile mwanze ukili nazo. Lakini kama ni tawi lililotoka kanisani Jumapili ya Matawi, pengine kapewa na mtoto wa jirani, hilo ni amana. Wenyewe hawalitupi jalalani, hulichoma kwa majivu yao. Lirudishe kwa jirani kwa mkono wako, kwa upole, na atakuheshimu kwa kulijua hilo.

Kwa mwalimu usiende masika, wakati umeshakasirika. Nenda Januari unapomwandikisha. Mwambie, sista, sisi ni Waislamu, wiki ya Matawi mwanangu naomba asuke kipepeo au kikapu, ukindu nitauleta mwenyewe. Walimu wengi wa hapa wana ndugu Waislamu na watakuelewa kabla hujamaliza. Asiyekuelewa, una habari naye mapema, na mwaka ungali mrefu wa kutafuta pengine.

Ukienda kukata ukindu, kata makuti machanga machache kwa kila shina na uache moyo wa mti. Mashamba ya mpunga yanazidi kusogea majini na mikindu inarudi nyuma, na kwenye shina lililokatwa moyo hakuna jani la mwaka ujao, la msala wala la Matawi.